Bi Jedwali na Mtoto wa Kumi

Nimekaa masijala miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo ni mtu mmoja tu aliyewahi kuniomba faili ili alisome. Wengine huomba faili ili wagonge mhuri, au waliweke mezani mgeni akija, waonekane wana kazi. Huyo mmoja alikuwa karani wa takwimu wa ofisi yetu ya ustawi wa watoto. Tulimwita Bi Jedwali, na jina hilo nililitoa mimi.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini na ubishi wa punda. Kitu kisichopangwa kwenye mistari kilimnyima raha. Mwaka alioanza kazi, sukari ya chai ya ofisi ilikuwa ikiisha kila Jumatano, na lawama zote zilikuwa za mlinzi. Wiki tatu Bi Jedwali aliandika nani kanywa chai saa ngapi na kopo limeshuka kiasi gani, kisha akapanda ngazi na karatasi yake hadi kwa Mkuu wa ofisi.

"Bosi," akamwambia, "sukari unamaliza wewe."

Mkuu alicheka, maana watu walikuwapo. Lakini mimi namjua Mkuu, na nilijua kuwa siku hiyo kaweka kinyongo.

Watu hupenda kuamini kwamba mtu akihangaikia watoto wa wenzake, basi yeye mwenyewe aliteswa utotoni. Nilimuuliza siku moja. Akanishangaa. Alilelewa na baba na mama, akashiba, akasoma, akaolewa na fundi wa friji mpole ajabu, wakazaa wawili. Huyo mumewe ndiye aliyeniambia, "Mzee, mke wangu akinikumbatia huwa anahesabu mbavu." Kilichomkera Bi Jedwali ni hesabu isiyokubali. Alisema hesabu ikigoma, kuna mtu kadanganya, na katika kazi yetu anayedanganywa huwa ni mtoto.

Sasa nieleze uchafu wetu, maana bila huo hakuna hadithi. Mtoto akiletwa kwetu, amepigwa au ametelekezwa au haeleweki anaishi na nani, hufunguliwa faili na kupewa namba. Afisa ustawi huenda kwao, huzungumza na walezi, na mambo yakitulia faili hufungwa. Mpaka hapo hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba mtoto yule yule akirudi baada ya miezi miwili, mkono umevunjika, hatufungui faili lake la zamani. Tunampa namba mpya. Tulifanya hivyo kwa sababu ripoti ya kila robo mwaka ilitaka kujua "watoto wapya waliofikiwa" ni wangapi, na namba mpya ni mtoto mpya. Mtoto aliyerudi mara nne alikuwa watoto wanne tuliowasaidia. Nilizigonga namba hizo kwa mkono wangu, na sikuona aibu, kwa kuwa ndivyo nilivyoikuta kazi.

Bi Jedwali aligundua kwa sababu ya kovu. Alikuwa akiingiza fomu kwenye kompyuta, akaona "kovu la moto nyuma ya sikio la kushoto", akasimama kama mtu aliyeitwa. Alikuwa amekwisha kuliingiza kovu hilo miezi miwili kabla, kwa namba nyingine na umri uliopungua miezi miwili.

Akashuka masijala. "Mzee wangu, nataka faili zote za miaka mitano."

"Zote? Binti, unataka kuniua?"

"Nitakusaidia kuzishusha."

Ilituchukua miezi minane. Kila jioni baada ya kazi alibaki saa moja, mimi nikisoma na yeye akiandika: jina la mama, jina la mlezi, makovu, mtaa, nani aliyeripoti. Faili zilikuwa elfu moja mia tisa na kumi na mbili. Watoto walikuwa elfu moja mia tatu na saba. Siku tuliyomaliza, vumbi limetujaa puani, aliniambia namba hizo mbili kwa utulivu kabisa, kisha akatoka nje kunawa uso, akakaa huko muda mrefu.

Hakuishia kwenye kuhesabu. Alitaka kujua ni mtoto gani hurudi. Akachambua mpaka akapata dalili nne: awe chini ya miaka mitano, afisa asiwe amefika kwao ndani ya wiki mbili za mwanzo, mlezi awe amehamahama, na aliyeripoti awe jirani, wala si mtu wa ukoo. Kila dalili akaipa alama zake. Mtoto mwenye alama nyingi alikuwa hatarini zaidi. Akazijaribu alama hizo kwenye faili za nyuma, ambazo mwisho wake tulikuwa tunaujua, na katika kila watoto kumi wa juu, sita walikuwa wamerudi wakiwa wameumia. Waganga wa kienyeji hawapati hivyo, na wao wanachukua kuku.

Mkuu alikubali majaribio ya miezi sita, hasa kwa sababu wafadhili walikuwa wameanza kuuliza maswali. Kila Jumatatu Bi Jedwali angetoa orodha. Maafisa wetu ni wawili na pikipiki ni moja, na Alhamisi na Ijumaa ni siku za mahakama, kwa hiyo wangeweza kufika kwa watoto kumi kwa wiki, basi. Wa kumi na moja angesubiri zamu ya kawaida, yaani siku afisa atakapopata nafasi, yaani Mungu anajua. Kanuni aliiandika mwenyewe Bi Jedwali, akaibandika ukutani juu ya kompyuta: orodha isiguswe na mkono wa mtu. Alikuwa na maana yake. Maafisa walikuwa na watoto wao wa huruma, Mkuu alikuwa na jamaa zake wa kupigiwa simu, na yeye alisema mlango huo ukifunguliwa kidogo tu, orodha imekwisha.

Na ilifanya kazi. Miezi minne ya kwanza watoto waliorudi wakiwa wameumia walikuwa sita. Miezi kama hiyo mwaka uliotangulia walikuwa kumi na saba. Ofisi mbili za wilaya nyingine ziliandika barua kuomba zielezwe inavyofanyika. Mimi, mzee niliyekwisha kukata tamaa na serikali, na makaratasi, na pengine binadamu wote, nilianza kuwahi kazini siku za Jumatatu.

Kisha akaja Kikoti.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Shangazi mmoja alikuwa anahojiwa chumba cha pili, na mtoto aliyekuja naye hakuwa na pa kukaa, wakamleta masijala. Msichana wa miaka mitano, kavaa koti la mwanaume mikono imekunjwa mara tatu. Sikumuuliza jina. Nilimwita Kikoti naye akaitika. Nilimpa kopo la vibanio vya karatasi achezee, na nilipogeuka nikakuta amevipanga juu ya sakafu, vidogo mstari wake, vikubwa mstari wake, na vilivyopinda kaviweka pembeni peke yake. Bi Jedwali alikuwa anaingia kuchukua fomu. Akachuchumaa.

"Hivi vilivyopinda umevitenga kwa nini, mama?"

"Vinaumwa," akasema Kikoti. "Vikipona vitarudi."

Nilimwona Bi Jedwali akikubali kushindwa hapo hapo. Walikaa chini pamoja karibu nusu saa, wakipanga vibanio vya serikali. Shangazi alipotoka, Kikoti alimshika Bi Jedwali kidole akauliza kama atakuja kwao. Bi Jedwali akasema, "Kuna mtu atakuja."

Adhuhuri nilipanda juu kumpelekea fomu za mwisho, na nikamkuta ameitazama skrini bila kugusa kitu. Kikoti alikuwa wa kumi na moja. Wa kumi alikuwa mtoto wa miezi kumi na minne, namba tu. Fomu ilijazwa nusu, hata sehemu ya jinsi iliachwa wazi, na aliyeripoti alikuwa jirani kwa simu. Kati yao palikuwa na tofauti ya alama moja.

Alinyoosha kidole kwenye kibodi. Kwenye fomu ya Kikoti palikuwa na mahali pa kuandika mlezi amehama mara ngapi. Palikuwa na moja. Akaweka tatu. Kikoti akapanda akawa wa kumi, na yule wa miezi kumi na minne akashuka.

Hapo ndipo aliponiona. "Mzee wangu, umeona nini?"

"Nimeona ukuta," nikasema.

Akacheka kidogo, nami nikacheka. Kanuni ilikuwa pale pale ukutani, na kwa kweli niliiona. Nilifikiri: mwanamke huyu ametupa miezi minane ya jioni zake, ametupa hesabu iliyookoa watoto, hata mara moja asipewe haki ya kumpenda mmoja? Leo ningekuwa na mdomo ningemwambia, "Rudisha." Nilikuwa na mdomo hata siku ile. Sikuutumia.

Jumatano afisa alirudi kutoka kwa kina Kikoti akiwa na habari njema. Chumba kisafi. Mtoto anakula, anaoga, ameandikishwa shule. Shangazi ni mtu mwenye akili zake, na lile koti ni la marehemu baba yake ambalo mtoto hataki kulivua. Hakuna haja ya kurudi tena. Bi Jedwali alifurahi mpaka akanunua maandazi ya ofisi nzima, akampelekea hata Mkuu, na akamwekea sukari.

Ijumaa asubuhi majirani walivunja mlango wa chumba kimoja upande wa pili wa mji. Mama alikuwa ameondoka tangu Jumanne na kufunga kwa nje. Daktari aliandika kwamba mtoto alikuwa hai mpaka Alhamisi. Karatasi zililetwa kwangu saa tano, nikatafuta faili, nikaiona namba ya yule wa miezi kumi na minne. Nilikaa kwenye kigoda nikaomba niwe nimesoma vibaya. Nikasoma tena. Kisha nikapanda ngazi, maana kama si mimi angeambiwa na mtu mwingine.

Hakulia. Aliniuliza, "Afisa angepita siku gani?"

"Binti, usi..."

"Wa kumi hupitiwa siku gani, mzee?"

"Jumatano mchana."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuingiza fomu iliyokuwa mbele yake mpaka mwisho.

Kikao kiliitishwa Jumatatu. Mimi ndiye mwandika kumbukumbu, siku zote. Mkuu alikuwa na barua ya wafadhili mkononi, nayo ilikuwa na swali moja: mtoto huyu aliripotiwa kwenu, mbona hakuwemo kwenye orodha? Maafisa wakaangalia viatu vyao. Mmoja akasema kwa sauti ya kujitetea kwamba wao walikwenda kote walikotumwa, na ni kweli.

Bi Jedwali akasimama. "Orodha haikukosea," akasema. "Ilimtaja. Alikuwa wa kumi. Nilimtoa mimi, nikamweka mwingine kwa kubadilisha fomu. Aliyekuwa wa kumi angefikiwa Jumatano."

Mkuu akawaambia wote watoke, tukabaki watatu.

"Umeandika hayo?" akaniuliza.

"Bado, bosi."

"Usiyaandike." Akavua miwani, akajisugua macho, na kusema kweli alionekana amechoka kama sisi. "Dada, nisikilize. Tukiandika kwamba karani alichezea fomu, wewe ni jela. Na mimi niliyekukabidhi orodha nakufuata. Na huyu mzee, sijui alikuwa wapi."

Nikaangalia meza.

"Tukiandika kwamba orodha ilishindwa, basi imeshindwa orodha. Hakuna hakimu anayeifunga orodha."

"Lakini haikushindwa!" Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akipaza sauti. "Bosi, mkiandika hivyo wataizima. Zile wilaya mbili nazo wataziambia haifai. Watoto wa juu kila wiki, nani atakwenda kwao? Niandikeni mimi. Orodha ibaki."

"Ukiandikwa wewe, watasema takwimu zenyewe ni za kupika. Wataizima vile vile, na wewe utakuwa ndani. Chagua."

Na hapo ndipo shetani alipokuwa, maana Mkuu alisema kweli. Niliipima kila upande, na mpaka leo naipima. Orodha ilikuwa imekufa tangu adhuhuri ile kidole kilipoweka tatu. Kilichobaki kilikuwa kuamua nani azikwe nayo.

Alikataa kuweka sahihi siku tatu. Siku ya nne mumewe, yule fundi mpole, alikuja ofisini na ovaroli lake, akakaa kwangu masijala akalia kama mtoto. Akaniomba niseme naye. "Wewe anakusikia, mzee. Mwambie nina watoto wawili. Mwambie akienda jela wa kwangu ndio watakaofunguliwa faili." Nikapanda nikamwambia. Nilitumia kila neno jema nililo nalo, na kila moja lilinitoka kinywani lina uchungu. Aliweka sahihi chini ya sentensi niliyoiandika mimi kwa mwandiko wangu mzuri: orodha haikuweza kumtambua mtoto aliyekuwa hatarini.

Wiki ileile barua zilikwenda kwenye wilaya mbili kuwaarifu kwamba njia ile imejaribiwa na haifai. Programu ya kutoa alama ikafutwa kwenye kompyuta. Tukarudi kwenye zamu ya kawaida, na namba mpya kwa kila anayerudi. Robo mwaka iliyofuata tulisifiwa, kwa kuwa watoto wapya waliofikiwa walikuwa wameongezeka.

Bi Jedwali hakufukuzwa. Mkuu, kwa huruma au kwa kinyongo, sijui, alimhamishia mali za ofisi. Sasa anapita vyumbani na kopo la rangi na brashi ndogo, anaandika namba migongoni mwa viti. Anafanya vizuri, hakuna kiti kinachokosekana. Tunasalimiana. Wakati mwingine anakuja masijala kuhesabu makabati, nami namkaribisha chai, anakunywa akiwa amesimama.

Alikwenda kwa wazazi wa yule mama aliyefunga mlango, hilo najua. Mama mwenyewe yuko rumande, lakini bibi wa mtoto alimpokea, akadhani ni mtu wa ofisi kaja kutoa pole. Akamshukuru. Bi Jedwali aliniambia jambo hilo moja tu kuhusu safari ile, kwamba alishukuriwa, na akaniomba nisimuulize zaidi.

Mwezi uliopita lililetwa faili ambalo lilinisumbua. Mtoto wa miaka mitatu. Aliyeripoti ni jirani. Mlezi kahama mara mbili tangu mwaka uanze. Sikuhitaji kompyuta, miezi minane ya kusoma kwa sauti ilinifundisha hata mimi. Nikaangalia daftari la zamu, nikaona nafasi ya karibu ya afisa iko wiki tatu mbele. Nilikwenda kwa Mkuu, akasema kila mtoto ni muhimu na foleni ni foleni. Basi nikalichukua faili kifuani, nikamtafuta Bi Jedwali. Nilimkuta chumba cha mikutano, kapiga magoti nyuma ya kiti.

"Binti, mtazame huyu tu. Niambie alama zake, nimpigie kelele Mkuu nikiwa na hesabu mkononi."

Hakugeuka. "Ana miaka mingapi?" Kisha akainua mkono haraka kunizuia. "Hapana. Usiniambie."

"Mwanangu, wewe peke yako ndiye unayejua."

"Ukinitajia mawili matatu nitajua ni wa ngapi, mzee wangu. Nikishajua, nimpeleke wapi?"

Akachovya brashi, akaandika namba ya kiti kile, akasogea kwenye kinachofuata. Nikashuka na faili langu, nikaligonga namba mpya, nikaliweka kwenye foleni.

Afisa alikwenda siku ya ishirini na tatu, akakuta matanga. Faili hilo nimelifunga mwenyewe jana.